Kazi yangu imetangazwa gazetini

Jumapili nimefungua gazeti hapa Minnesota, nikakuta kazi yangu imetangazwa: ofisa ustawi wa jamii, shahada ya uzamili. Ndiyo sheria ya Marekani. Mwajiri akitaka kukuombea grini kadi, yaani kibali cha mgeni kuishi huku daima, sharti kwanza aitangaze nafasi yako, Jumapili mbili, ionekane hakuna mwenyeji mwenye sifa anayeitaka. Miaka minne nimehangaika na wazee wagonjwa, leo nakaa roho juu nikisubiri nani ataomba kiti changu!

Kinachoniuma zaidi ni ubaguzi wa fani. Mgeni aliyehitimu kompyuta hapa hupewa miezi 12 ya kufanya kazi, kisha huongezewa 24. Sisi tuliosomea watu, 12 basi. Baada ya hapo bahati nasibu ya viza ya kazi. Jamani, kumtuliza mjane saa nane usiku si ujuzi?