Mai Mulele na Bata Bukini wa Meneja

Mwaka 1964 nilikuwa na umri wa miaka tisa, na baba alikuwa mgema katika shamba la mpira kando ya Mto Kongo, si mbali na Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Kabla ya vita, dunia yetu ilikuwa safu za miti, kengele ya alfajiri na kapita, yaani msimamizi, aliyekagua vikombe vya utomvu kwa jicho la mtu anayedhani ameibiwa. Adui tuliyemwogopa kweli alikuwa mmoja tu: bata bukini dume wa meneja, Mbelgiji aliyemfuga badala ya mbwa.

Mwanzoni mwa Agosti, waasi walioitwa Simba walipouteka mji, sifa zao zilifika shambani kabla yao. Tulisikia kwamba mganga huwanyunyizia dawa, na risasi za serikali hugeuka maji, mradi mpiganaji apaze sauti “Mai Mulele!”, yaani maji ya Mulele, mmoja wa viongozi wa waasi, na asitazame nyuma. Nikajiteua mganga. Kwa kuwa maji matupu niliyaona hayana heshima, nilichota utomvu katika ndoo ya baba, nikawadondoshea wenzangu wanne matone machache, kisha mimi, kwa cheo changu, nikajimiminia bakuli zima kichwani.

Tulimshambulia bata huku tukipiga kelele. Hakugeuka maji; alitandaza mbawa, akaja. Wenzangu walilitimiza sharti kikamilifu, kwa maana walikimbia hadi majumbani mwao bila kutazama nyuma hata mara moja. Mimi nilitazama, na bata akanidaka pale ninapokalia.

Jioni utomvu ulikuwa umekwisha kukauka, nywele zangu zikawa kofia ya mpira isiyovulika. Mama alijaribu mafuta ya mawese, akajaribu kuvuta, mwishowe akachukua wembe wa baba na kunyoa palipokubali.

Baada ya siku chache Simba wenyewe walifika. Mmoja wao, kijana aliyevaa manyoya na majani, alikitazama kichwa changu kwa makini.

“Mdogo wangu, nani amekutia dawa?”

“Mimi mwenyewe, kaka.”

“Ilifanya kazi?”

Kwa woga sikuweza kusema uongo, wala kusema kwa mdomo. Niligeuka nikamwonyesha jeraha.

“Ulitazama nyuma?”

“Ndiyo.”

Akawageukia wenzake, bila kucheka hata kidogo. “Mnaona?”