Macaulay: tumshitaki kwa alichoandika, si kwa alichosingiziwa

Kuna andiko ambalo haliishi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Linadai kwamba tarehe 2 Februari 1835 Lord Macaulay, mwanasiasa na mwanahistoria wa Kiingereza, alisimama mbele ya Bunge la Uingereza akasema amelitembea bara la Afrika kutoka pembe hadi pembe, hakuona ombaomba wala mwizi, na kwamba watu wa namna hiyo hawatawaliki mpaka wavunjwe uti wa mgongo, yaani utamaduni wao na elimu yao ya kale. Wahindi nao wanalo andiko hilohilo, ila kwao palipo na Afrika pameandikwa India. Ni uzushi mtupu. Siku hiyo Macaulay alikuwa Calcutta, India, safari ya Afrika ni ya kubuni, na hata ulodi alikuwa bado hajapewa. Aliupata mwaka 1857.

Kinachoudhi ni kwamba uzushi huu unamsaidia mshitakiwa. Anayemtetea akishaonyesha kuwa andiko ni la kughushi, anaondoka kifua mbele kana kwamba kesi imekwisha. Kumbe waraka wake wa kweli wenye tarehe hiyohiyo, kuhusu elimu ya India, upo, na ni mzito kuliko huo wa kutunga.

Thomas Babington Macaulay alizaliwa mwaka 1800. Baba yake, Zachary, aliwahi kuwa gavana wa Sierra Leone na alikuwa kinara wa kampeni ya kufuta utumwa. Mtoto aliingia Bungeni mwaka 1830 kwa upande wa Whig, chama cha wapenda mageuzi, kupitia jimbo la Calne, kiti ambacho kwa hakika kilikuwa cha lodi mmoja kumgawia amtakaye. Hotuba yake ya kwanza ilidai Wayahudi waondolewe vizuizi vya kisiasa. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa wasemaji wakali wa kutaka uchaguzi ufanyiwe mageuzi na majimbo ya mfukoni yafe, ingawa mwenyewe kaingilia mlango huohuo. Mwaka 1833, mswada wa kuwaachia huru watumwa ulipotaka wabaki kwenye kazi ya lazima kwa miaka 12, aliitolea serikali yake barua ya kujiuzulu. Haikupokelewa, na miaka ikapunguzwa. Hata adui yake hawezi kuyafuta hayo.

India alikwenda mwaka 1834 akiwa mjumbe wa sheria katika baraza la Gavana Mkuu, kwa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka. Tusipambe: biashara ya baba ilikuwa imeanguka na familia ilihitaji hela. Huko alikuta ugomvi uliokwisha kuanza. Tangu sheria ya mwaka 1813 serikali ya Kampuni ya India ya Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitawala India, ilitakiwa kutenga rupia 100,000 kila mwaka kwa ajili ya elimu. Je, ziendelee kulipia masomo ya Kisanskriti na Kiarabu, au zihamishiwe Kiingereza?

Waraka wake ulijibu: Kiingereza. Ndani yake imo ile kauli kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya inashinda fasihi yote ya India na Uarabuni. Imo pia haja ya kupata tabaka la watu walio Wahindi kwa damu na rangi, lakini Waingereza kwa ladha, fikra, maadili na akili. Na katika waraka huohuo anakiri kwamba hajui Kisanskriti wala Kiarabu. Gavana Mkuu Bentinck aliupitisha mwezi uliofuata. Maelfu ya Waislamu wa Calcutta walitia saini ombi la kutaka madrasa yao isiguswe, na afisa mwenzake, Prinsep, aliandika kumjibu hoja kwa hoja.

Watetezi wake wana hoja ambazo si za kupuuza. Ugomvi ule haukuwa kati ya Kiingereza na lugha ya nyumbani. Hakuna upande uliokuwa ukipigania Kibengali kiwe lugha ya chuo. Kisanskriti ilikuwa lugha ya wachache, na milango yake ilikuwa mikononi mwa Wabrahmini, tabaka la makuhani wa Kihindu. Ram Mohan Roy, Mhindi na msomi wa lugha hizo zote, alimwandikia gavana mwaka 1823 akilalamika kuwa fedha zinapelekwa kwenye chuo cha Kisanskriti wakati vijana wanahitaji hisabati, kemia na anatomia. Siku zetu mwandishi wa Kidalit (wale waliowekwa chini kabisa ya matabaka ya Kihindu), Chandra Bhan Prasad, husherehekea siku ya kuzaliwa ya Macaulay kila Oktoba, kwa sababu kwake Kiingereza ni lugha ambayo haikuja na ubaguzi wa matabaka. Na ile sentensi ya "Waingereza kwa ladha" ina mwendelezo ambao wanukuu wengi huukata: tabaka hilo lipewe kazi ya kuzikuza lugha za wenyeji hadi zibebe elimu kwa umma.

Nakubali yote hayo, na bado hayanitoshi. Roy alitaka sayansi. Hakusema vitabu vya kwao ni takataka. Na ahadi ya elimu kushuka kutoka kwa wachache hadi kwa wengi ilibaki ahadi, hadi mwaka 1854 London yenyewe ikaagiza shule za umma zifundishe kwa lugha za wenyeji. (Kwetu, wanaomtwika Macaulay mzigo wa Kiingereza cha sekondari wakumbuke kwamba Tanganyika ya Waingereza ilifundisha madarasa ya chini kwa Kiswahili. Mkono wake ulitufikia kwa njia nyingine.)

Njia hiyo ni sheria. Rasimu ya Kanuni ya Adhabu ya India, iliyokamilika mwaka 1837, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake. Ilipitishwa mwaka 1860, yeye akiwa ameshafariki, kisha Waingereza wakaibeba hadi Zanzibar, Kenya, Uganda na Tanganyika, ikatumika hadi kanuni nyingine zilipoishika nafasi yake miaka ya 1930. Uzuri wake ni mifano. Kwenye kifungu cha wizi yumo A anayeweka mfukoni chambo cha kuvutia mbwa ili mbwa wa Z amfuate; mbwa akianza tu kumfuata, wizi umekamilika. Yumo pia A anayekutana na fahali aliyebeba sanduku la hazina, akamswaga upande wake. Hakimu wa wilaya asiye na maktaba angeweza kuielewa. Zaidi ya hapo, alipounga mkono sheria ya kuwapeleka Wazungu wa mikoani kwenye mahakama za madai zilezile za Wahindi, magazeti ya Wazungu wa Calcutta yalimtukana mchana kutwa, naye hakurudi nyuma.

Kisha ndiyo historia. Juzuu mbili za kwanza za kitabu chake cha historia ya Uingereza zilitoka mwishoni mwa 1848, nyingine mbili 1855, na mwaka uliofuata mchapishaji wake akamwandikia hundi ya pauni 20,000. Alikusudia kuanzia mwaka 1685 hadi karibu na zama zake. Kifo kilimkuta Desemba 1859 akiwa hajavuka utawala wa William wa Tatu. Imani inayobeba kitabu kizima ni kwamba Uingereza imekuwa ikisonga mbele, na Whig ndio waliokuwa usukani. Ni mwanasiasa yuleyule wa Bungeni.

Ila alifanya kazi. Alikwenda mwenyewe Londonderry, Ireland, kuangalia kuta za mji uliozingirwa mwaka 1689, akaenda Glencoe, Uskoti, kuliona bonde la mauaji. Udhaifu wake ulikuwa kutokubali kurekebishwa. Alimtuhumu William Penn, mtu maarufu wa madhehebu ya Kikristo ya Waquaker, kuwa dalali wa fidia walizotozwa wazazi wa wasichana wa shule wa Taunton waliompa mwasi Monmouth bendera. Barua aliyoitegemea iliandikwa kwa "Bwana Penne". W. E. Forster akaonyesha mwaka 1849 kwamba yuko George Penne, mtu mwingine anayefaa zaidi. Waquaker walimwendea ana kwa ana. Macaulay hakubadili, akaongeza tanbihi ya kujitetea. Karne iliyofuata Winston Churchill aliandika juzuu nne kumsafisha babu yake wa karne za nyuma, jenerali Marlborough, na madoa ya kalamu hiyohiyo.

Kwa hiyo simhukumu kwa kipimo cha leo. Chake mwenyewe kinatosha. Kwenye Kanuni ya Adhabu alipima kila neno. Kwa ajili ya historia alivuka bahari kwenda kuona ukuta. Waraka wa 1835 aliuandika miezi michache tu baada ya kushuka melini, akiupima ustaarabu mzima kwa tafsiri na kwa maneno ya aliozungumza nao. Muda hakuukosa: miaka yake India aliijaza kwa kurudia waandishi wa Kigiriki na Kilatini, na meli ilipokuwa ikimrudisha nyumbani mwaka 1838 alikaa akajifunza Kijerumani.