Meya Wetu Alipatikana Chumbani

Tarehe 4 Novemba 2025 nilipiga kura ya diwani na meya hapa Minneapolis, Marekani, Kata ya 6, jioni baada ya kutoka zamu, baridi inauma masikio. Siku sita nyuma, tarehe 29 Oktoba, Tanzania nayo ilikuwa kwenye uchaguzi wake na intaneti ikazimwa. Siku zote zile nilimwandikia mjomba wangu wa Ngamiani, kwetu Tanga, na kila ujumbe ukabaki na tiki moja ya kijivu. Nikaingia kituoni kalamu iko mkononi, moyo uko Barabara ya Kumi na Mbili.

Ya urais nawaachia wengine, wanaoyaandika ni wengi na wanayaandika kwa uchungu unaostahili. Mimi nina langu dogo, la diwani na meya, ambalo limenikaa kooni tangu mwaka 2015.

Nikisema Tanga na Minneapolis ni miji ya kimo kimoja watu hunicheka. Sensa ya 2022 iliikuta Tanga Jiji na watu wapatao 393,000. Minneapolis, kwa sensa yao ya 2020, ilikuwa na karibu 430,000. Hata mitaa ya huku mingi imepewa namba kama barabara za Ngamiani, wiki yangu ya kwanza sikupotea hata mara moja. Tofauti inaanza ukihesabu madiwani. Huku kata ni 13, kwetu ni 27. Diwani wa huku anabeba watu kama 33,000, wa kwetu ukigawa sawasawa hafiki 15,000. Miaka mingi niliamini hapo tumewashinda. Diwani wa Tanga utamkuta msibani amekaa mkekani na watu, utamkuta Mgandini anachagua samaki, utamwambia mtaro umeziba akiwa ameshika mfuko wake wa nyanya. Wa kwangu huku analipwa zaidi ya dola laki moja kwa mwaka, ana wasaidizi wa kujibu simu, na sijawahi kumwona akichagua samaki.

Lakini nimemchagua. Na historia ya kata hii ndiyo iliyonifungua macho, kwa hiyo nivumilieni nieleze kidogo.

Jengo la jamii la mtaani kwetu, Cedar-Riverside, linaitwa Brian Coyle. Alikuwa diwani wa Kata ya 6, akafa kwa UKIMWI mwaka 1991 akiwa bado madarakani. Miaka kumi baadaye kata ikampa udiwani Dean Zimmermann wa chama cha Kijani. Huyo alishindwa mwaka 2005 na Robert Lilligren, mtu wa asili ya Wahindi Wekundu, na mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho ikamtia Zimmermann hatiani kwa kupokea fedha za mtu wa majengo. Nayataja haya kwa wale wa nyumbani wanaodhani rushwa ni ugonjwa wa Waafrika.

Wakati huo wote Wasomali walikuwa wamejaa kwenye maghorofa ya Riverside Plaza, yale yenye vibao vya rangi rangi yanayoonekana toka mbali, na hawakuwa na mtu wao barazani. Mtaa wenyewe ulikuwa umewekwa Kata ya 2. Sheria ya hapa inataka kila baada ya sensa mipaka ya kata ichorwe upya ili watu walingane. Sensa ya 2010 ilipotoka, Abdi Warsame na wenzake hawakuanza kwa kutafuta mgombea, walianza na ramani. Walichora yao wenyewe, wakaipeleka kwenye vikao vya wachoraji, wakahudhuria, wakabishana. Mwaka 2012 mipaka mipya ikatoka na Cedar-Riverside imo Kata ya 6. Mwaka 2013 Warsame akamshinda Lilligren, akawa Msomali wa kwanza kuketi kwenye baraza la madiwani la jiji hili.

Hapo ndipo huwa nasimama nikawaza. Sisi Tanga tunajua kubishana juu ya mtu. Kura za maoni zikikaribia, mji mzima unajua nani kakatwa, nani kapita, nani kanunua kanga ngapi. Juu ya kanuni zenyewe hatubishani. Hakuna mtu niliyewahi kumsikia barazani akiuliza kwa nini kata fulani imepakana na fulani, au kwa nini mgombea asiye na chama haruhusiwi kusimama, au kwa nini meya tunaletewa.

Meya, kwa sheria yetu, anachaguliwa na madiwani wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2015 jimbo la Tanga Mjini lilichukuliwa na Mussa Mbarouk wa CUF, baada ya miaka mitano ya Omari Nundu wa CCM. Mjomba, ambaye amekuwa CUF tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, alinipigia simu usiku anacheka kama mtoto. Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani ikiwemo CUF, wakasema madiwani walio wengi ni wao, hivyo meya ni wao. Ukafika uchaguzi wa meya, mlango ukafungwa, na ulipofunguliwa meya aliyetangazwa alikuwa wa CCM. Wa CUF wakagoma kumtambua. Mjomba hakupiga simu siku hiyo. Nilipompigia mimi alisema tu, "Mwanangu, sisi tulipiga kura nje, wao wakapiga ndani."

Ninachosema ni hiki: watu wa Tanga wampigie kura meya wao wenyewe, kwenye karatasi yake, kama wanavyompigia mbunge. Kura elfu nyingi za mji mzima ni ngumu kuzungushwa kuliko kura chache za chumba kimoja. Najua nitaambiwa meya wa hivyo atagongana na mkurugenzi wa jiji, ambaye anateuliwa na Rais. Atagongana, ndiyo. Wagongane hadharani tujue nani anashika mfuko, maana sasa bomba la mafuta la kutoka Uganda linaishia Chongoleani, ndani ya jiji letu, na mimi ningependa kumjua mtu wa kumuuliza.

Huku nako si peponi. Februari 2014 mkutano wa wanachama wa chama cha DFL, ndio Democrats wa Minnesota, ulivunjika kwa ngumi humo humo kwenye jengo la Brian Coyle. Majirani zangu Wasomali wakinywa chai wananieleza kura kwa koo, fulani wa kwetu, fulani wa kwao, mpaka najisikia niko nyumbani. Mwaka 2017 Warsame alimponyoka Mohamud Noor kwa nafasi ndogo sana. Na mwaka 2021 wapiga kura waliongezea meya mamlaka, madiwani wakapungukiwa. Mimi niliona ni kosa na bado naona hivyo.

Kura yangu ya kwanza ya diwani ilikuwa Agosti 2020. Warsame alikuwa ameacha kiti kwenda kuongoza shirika la nyumba za umma la jiji, mji bado unanuka moshi baada ya kifo cha George Floyd, korona imetutia ndani. Nilijaza karatasi mezani, kikombe cha chai pembeni. Jamal Osman ndiye aliyeshinda, na ndiye aliyerudi tena mwaka 2025. Kuipata kura hiyo kulinigharimu uraia wa Tanzania, kwani sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa nao miwili. Tanga, waja leo waondoka leo, wanasema. Mie niliondoka kweli kweli, hata jina langu kwenye daftari la wapiga kura halimo.

Intaneti iliporudi, mjomba alikuwa mzima. Tuliulizana hali, tukanyamaza kidogo, kisha akataka kujua nimempa nani. Nikamweleza kwamba huku hupigi tiki kwa mmoja, unawapanga mpaka watatu. Wa kwanza akitolewa, kura yako inahamia kwa wa pili. Meya Jacob Frey mwenyewe raundi ya kwanza hakufika nusu, alivuka kwa kura za waliotolewa.

Mjomba akakaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika tena.

"Basi mimi," akasema, "namba mbili ningempa yule wa CCM wa mtaani kwetu. Alichimba kaburi la mama yako na mikono yake. Namba moja usiniulize, unajua."