Eddie kaenda ibada ya kwanza

Mi ugonjwa wangu ni tisheti za bendi za zamani, zile za roki, na hapa Dodoma nazifuata soko la Sabasaba belo la mitumba likifunguliwa, watu wanagombania jinzi mi nageuza upindo wa mkono natafuta uzi mmoja, maana tisheti nyingi za Marekani mpaka katikati ya miaka ya 90 zilipigwa mstari mmoja wa cherehani, miwili imekuja baadaye. Muuzaji kashanizoea, ananiita fundi.

Siku hiyo nikaangukia tisheti ya bendi ya Iron Maiden, mgongoni 1992, mbele Eddie, lile lifuvu lao, kakodoa macho. Buku tatu! Na chapa imepasuka vizuriii kama tope la bwawa mwezi wa kumi. Sie wagonjwa hiyo ndo raha yenyewe. Rangi ya plastisoli, ile ya kiplastiki ya kuchapia tisheti, haizami kwenye pamba, inakaa juu kama ngozi, ikizeeka inakatikakatika, wakati rangi ya maji inaingia ndani ya uzi ikichoka inapauka tu. Plastisoli haitaki moto kabisa. Nyumbani sikumwambia mtu, kosa langu hilo.

Jumamosi kaja shangazi kutoka Mpwapwa, kaiona kwenye kamba, huruma ikamshika. "Mwanangu ana kazi mjini halafu anavaa nguo imepasuka uso?" Umeme umekatika, kawasha pasi ya mkaa, eti hizi nyufa zinanyooka. Zilinyooka kweli. Eddie akayeyuka wote akahamia kwenye pasi, na shangazi bila habari akaburuza pasi ile ile kwenye shati jeupe la baba, mgongoni.

Asubuhi giza, umeme bado, baba kavaa kaondoka. Sasa baba ni mzee wa kanisa, ndo anayepitisha kapu la sadaka, kwa hiyo kila benchi akishalipita wanabaki na mgongo wake: jicho moja na meno kama manne hivi. Mi nimekaa nyuma kabisa, namuona Eddie anasogea huku kanitolea jicho, mama wa mbele yangu kamziba mtoto uso.

Mchana baba anatuambia leo watu wametoa noti tupu.

Tisheti ninayo, kifuani kama imemwagiwa lami, shangazi akipiga simu lazima aulize kama naivaa, naivaa shangazi. Lile shati nilimuomba baba niliweke na zangu, kakataa, analipalilia zabibu.