Moutier: mji mdogo uliohama jimbo bila kuhama mahali

Moutier, mji wa wasemaji wa Kifaransa ulio kando ya mto Birs nchini Uswisi, una wakazi zaidi kidogo ya 7,000. Tarehe 1 Januari 2026 uliondoka rasmi katika jimbo la Bern, lenye wasemaji wengi wa Kijerumani, ukajiunga na jimbo la Jura. Wapo wanaouita ushindi wa demokrasia, na wapo wanaoona kwamba watu wachache wamevuruga mambo ya wengi.

Chimbuko la mvutano huu ni mwaka 1815, pale Mkutano wa Vienna ulipoikabidhi Bern maeneo ya askofu mtawala wa Basel bila kuwauliza wenyeji. Jura, sehemu ya kaskazini ya maeneo hayo, ilipojitenga na Bern na kuwa jimbo kamili mwaka 1979, wilaya za kusini, zenye Waprotestanti wengi, zilikuwa zimekwisha kuchagua kubaki Bern, na Moutier pamoja nazo.

Ugomvi mkali zaidi ulihusu kura ya 18 Juni 2017, ambapo watu 2,067 walitaka Jura na 1,930 wakataka Bern. Mwaka uliofuata mkuu wa wilaya aliibatilisha, na mahakama ya utawala ya jimbo ikamuunga mkono mwaka 2019, kwa hoja kwamba uongozi wa mji ulifanya kampeni isiyoruhusiwa na kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na kasoro, ikiwemo anwani za watu wasioishi pale. Wapenda Jura walilalamika kwamba refa amevaa jezi ya timu pinzani, maana ofisi zote mbili ni za Bern. Lalamiko hilo lina uzito, lakini tofauti inapokuwa kura 137, swali la nani hasa ni mkazi wa mji haliwezi kuachwa lipite hivi hivi. Naona ubatilishaji ulikuwa wa haki, tena uliwafaa walioupinga: kura iliporudiwa tarehe 28 Machi 2021, walishinda kwa 2,114 dhidi ya 1,740, matokeo ambayo ilikuwa vigumu kuyatilia shaka.

Lililo gumu zaidi ni hatima ya waliobaki. Kijiji jirani cha Belprahon kilipiga kura yake Septemba 2017 kikabaki Bern, kwa kura 121 dhidi ya 114. Jura, iliyokuwa na watu kama 74,000, imeongezeka kwa takriban sehemu moja ya kumi, na Moutier sasa ina sauti ambayo isingeipata ndani ya jimbo la watu zaidi ya milioni moja. Lakini faida hiyo imetoka mfukoni mwa wasemaji wenzao wa Kifaransa. Moutier ndiyo iliyokuwa mji mkubwa kuliko yote ya Jura ya Bern, yaani eneo la wasemaji wa Kifaransa lililobaki katika jimbo la Bern; katiba ya Bern inawahakikishia watu wa eneo hilo kiti katika serikali ya jimbo, ila sasa idadi ya wanaokitegemea imepungua, na hoja ya kukilinda itahitaji kutetewa upya.