Nusu Sentimita ya Nywele Haihitaji Kusokotwa

Binti ya dada yangu alikwenda kurekebishiwa dredi siku chache kabla ya mahojiano ya kazi, akarudi nyumbani na vipele vyenye usaha kwenye ukingo wa paji la uso, hawezi kulala ubavu wala kuinua nyusi bila kuumia. Alipolalamika kitini aliambiwa kwamba maumivu ndiyo dalili ya kazi nadhifu, na kwamba arudi baada ya wiki mbili ili zisokotwe tena kabla hazijaanza kutimka. Jibu hilo nimelisikia katika saluni nyingi mno, tena kutoka kwa wasusi wenye mikono hodari ambao hakuna mtu aliyewahi kukaa nao akawaeleza kinachotokea chini ya ngozi ya mteja. Nimechoka kulisikia, na kwa sababu safari hii lilimwangukia mtoto ninayempenda, nitalijibu kwa urefu.

Baba yake binti huyo ni Msomali, na nywele zake ni za mawimbi, laini, zenye kufumuka mara zinapoguswa na maji. Msusi alizipaka jeli ile ile aliyompaka mteja wa kabla yake mwenye nywele za kipilipili, akazikaza kwa nguvu zaidi alipoona hazitulii, kisha akamweka chini ya draya. Kwa maneno mengine, nywele zilipokataa ufundi wake, aliziongezea nguvu badala ya kubadilisha ufundi. Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya kazi hii mijini mwetu: dredi zinafanywa kama kwamba vichwa vyote ni kimoja.

Jeli haitengenezi dredi. Mtu mzima hunyonyoka nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Anayechana huziona kwenye kichana. Asiyechana hubaki nazo kichwani, zimenaswa miongoni mwa zile ambazo bado zina mizizi, na kadiri zinavyosuguana na kujizungusha ndivyo kishungi kinavyokazana kutoka ndani. Kinachoifanya kazi hiyo ni muda na msuguano, ilhali jeli hushikilia umbo tu mpaka kazi hiyo ifanyike. (Ndiyo maana mtu anayefumua dredi za miaka mingi hutoka na rundo la nywele la kutisha, akadhani ameharibika kichwa, kumbe ni nywele zilizokwisha nyonyoka zamani.)

Basi tofauti ya nywele ni tofauti ya kasi ya kushikana. Unywele wa kipilipili ni bapa kidogo ukiutazama pale ulipokatwa, nao hutoka katika ngozi ukiwa tayari umejipinda. Kila pindo ni kulabu inayomkamata jirani yake. Nywele za namna hiyo hazihitaji kulazimishwa. Msokoto wa kichana, twisti, au kuviringisha kwa viganja vyatosha kuanzia, na baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu vishungi vingi huwa vimekomaa vyenyewe. Hata anayeziacha bila kuzigusa kabisa atapata dredi, ingawa zitajigawa zinavyotaka na pengine kuungana mbili mbili.

Nywele za mawimbi, na hapa Pwani tumbo moja huweza kutoa kipilipili, mawimbi na singa, hushikana polepole zaidi na hufumuka mizizini na nchani. Kwa hizi, kusokota kwa jeli ni kazi ya siku chache tu, kwa kuwa zikioshwa mara moja yote yamekwenda na maji. Afadhali zianzishwe kwa krosheti, ile sindano yenye kulabu nchani, au mizizi ifumwe kwa kupitisha ncha ya kishungi ndani ya mzizi kwa sindano, kwa sababu fundo la namna hiyo halitegemei jeli. Singa zinahitaji hatua moja kabla ya hapo: kuchanwa kinyume, kutoka nchani kuelekea ngozini, mpaka zirundikane, ndipo krosheti ipite. Asiseme mtu kwamba singa haziwezi kuwa dredi. Masadhu wa India, watawa wa Kihindu ambao wengi wao wana nywele zilizonyooka, hubeba jata, yaani dredi zao, ndefu kichwani kwa miaka mingi na hawakuzipata saluni. Zinaweza, ila zinataka subira ya miaka miwili na zaidi, na mwenyewe aelezwe hivyo kabla hajalipa.

Sasa nirudi kwenye zile wiki mbili, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza nywele wasizozipata tena.

Nywele za kichwani hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo katika wiki mbili mteja huleta nusu sentimita ya nywele mpya. Msusi anasokota nini hapo? Hakuna urefu wa kutosha kuzunguka, hivyo analolifanya ni kuzivuta nywele zile zile alizozivuta juzi, kuzilaza kwa jeli, na kukaza shina ambalo halijapata siku ya kupumzika. Akifanya hivyo mara ishirini na kitu kwa mwaka, shina huchoka. Vipele vile vyenye usaha ni vinyweleo vilivyowaka kwa kuvutwa. Baadaye nywele fupi fupi za ukingoni huanza kukatika, kwanza pembeni juu ya masikio, kisha mbele kwenye paji, na ngozi huanza kung'aa. Madaktari wa ngozi wanaufahamu vizuri upara huu unaosababishwa na mvuto, na jambo muhimu kuliko yote juu yake ni kwamba mwanzoni unatibika kwa kuacha tu kuvuta, lakini ukiendelea kwa miaka, kinyweleo hufa kikageuka kovu, na kovu halioti nywele kwa mafuta yoyote, ya mnyonyo wala ya nazi.

Nimewaona wanawake wa umri wa miaka thelathini wanaofunga vitambaa vipana si kwa kupenda, bali kwa kuficha mahali palipokuwa na nywele. Nimewaona wanaume wanaosema upara ni wa kurithi kwa babu, ilhali umeanzia pale pale ambapo vishungi vyao vizito viliinuliwa na kufungwa kwa nyuma kila siku. Uzito nao huvuta. Dredi ndefu zilizolowa maji huvuta zaidi, na dredi za kubandika zinazounganishwa kwenye nywele fupi changa huvuta kupita zote, maana zinapachika mzigo wa kishungi kilichokomaa juu ya shina ambalo halijawahi kubeba kitu.

Kufuma mizizi kwa sindano, ambako nimekusifu hapo juu kwa nywele za mawimbi, hakusalimiki na lawama hii. Kukifanywa mapema mno hakuna nafasi ya kupitisha ncha, na fundo hukaa juu ya ngozi yenyewe. Kukifanywa kwa kupitisha upande mmoja kila mara, mzizi hupasuka katikati ukaacha tundu, na tundu hilo halizibiki lenyewe. Fundi makini huzungusha pande zote nne, juu, kulia, chini, kushoto, kila anapokaza. Kwa nywele nyingi, wiki sita hadi nane kati ya mkazo na mkazo si uzembe. Kwa kipilipili zinazosokotwa kwa viganja, mwezi mmoja ndio mapema kabisa, na miezi miwili haimdhuru mtu.

Lakini watu hawarudi saluni kila wiki mbili kwa ujinga. Wanarudi kwa hofu. Nywele zikianza kutimka mizizini, meneja anauliza kama kuna tatizo nyumbani, jamaa kanisani anashauri zikatwe, na askari wa barabarani anamtazama kijana mara mbili. Mnamo Septemba 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi, mbele ya Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba shule moja ya upili ya Kibera ilikiuka haki za msichana wa imani ya Kirastafari ilipomfukuza mwezi Januari mwaka huo kwa sababu ya dredi zake. Uamuzi ule ulikuwa wa haki na niliufurahia sana, ila haukumfikia meneja wa benki wala karani wa mapokezi. Kwa binti ya dada yangu sheria haikuwa na neno. Alijua tu kwamba mtu atakayemhoji ataangalia nywele kabla ya vyeti, na akaamua kuumia ili aonekane nadhifu.

Hili linanitia uchungu zaidi nikikumbuka historia ya nchi hii. Picha ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, iliyopigwa baada ya kukamatwa kwake Oktoba 1956 inaonyesha dredi ambazo hakuna msusi aliyezigusa, na Muthoni wa Kirima, mpiganaji mwenzake, alizihifadhi zake tangu siku za msituni hadi Aprili 2022, alipokubali zikatwe na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya. Huko Nyandarua na Mlima Kenya hapakuwa na jeli wala draya, nao ndio tunaowaita mashujaa. Haifai tuwaheshimu wao kwa nywele zilizotimka, halafu tumnyime mtoto wao kazi kwa sababu mizizi yake ina wiki tano.

Nakubali, ingawa si kwa moyo mweupe, kwamba msusi naye ana kodi ya kulipa, na mteja anayerudi mara mbili kwa mwezi ndiye anayelipa kodi hiyo. Nakubali pia kwamba wapo wateja wanaodai wenyewe zikazwe mpaka macho yavutike, na wasipopata huhamia kiti cha pili. Hayo hayampunguzii fundi wajibu wa kusema hapana.

Kuhusu kuosha nitasema machache. Dredi zioshwe. Nywele safi hushikana haraka kuliko zenye mafuta, hasa singa, ambazo mafuta ya ngozi huteleza juu yake kwa urahisi. Zikaushwe hadi ndani: Nairobi mwezi wa Julai, kishungi kinene kilichooshwa jioni kinaweza kulala na unyevu na kuamka na unyevu, na siku nyingi za namna hiyo huleta uvundo ambao hakuna manukato yatakayoufunika. Nta ya nyuki isipakwe na mtu yeyote, kwa nywele za aina yoyote. Inayeyuka kwenye joto la nyuzi zipatazo 62 hadi 64, na maji ya moto kiasi hicho huunguza ngozi, kwa hiyo maji ya kuoshea kichwa hayawezi kuitoa. Itabaki humo ikikusanya vumbi na nyuzi za blanketi mpaka dredi iwe ya kijivu kwa ndani.

Kukarabati ndiko kunakopima ufundi, na ndiko wengi wanakokwepa kusema ukweli. Kishungi kilichokonda mzizini hakihitaji kukazwa. Kinahitaji kuachwa, na ikiwa kimebaki na nyuzi chache, kiunganishwe na jirani yake kabla hakijakatika. Kilichokatika kisitupwe. Kitunzwe kikavu katika mfuko wa karatasi, maana nywele za mwenyewe ndizo bora za kurudishia, na krosheti ndogo huweza kuzifuma upya kwenye shina likiwa limefikia urefu wa kushikika. Pakipungua nywele za kujazia, zitafutwe nywele halisi za aina ile ile: kipilipili kwa kipilipili, mawimbi kwa mawimbi. Nyuzi za plastiki za kusukia hazishikani na nywele, na baada ya miezi michache utaziona zimechomoza. Tena krosheti yenyewe itumiwe kwa kiasi, kwani kila inapopita huvunja nywele kadhaa ndani. Dredi inayopigwa krosheti kila mwezi huonekana ngumu na nzuri kwa nje, huku katikati ikigeuka vipande vifupi visivyoshikwa na chochote.

Ukingo wa paji ulioanza kung'aa ni wa daktari wa ngozi, na mapema. Msusi anayeahidi kuurudisha kwa mafuta anamchelewesha mgonjwa katika miezi ile ile ambayo tiba ingefaa.

Yupo mama mmoja ninayemfahamu ambaye huwafungulia wateja njia kwa vidole, hunyosha unywele mmoja kuona unavyorudi, huuliza walirekebishiwa lini, na mara kwa mara huwaambia warudi mwezi ujao, kisha wanaondoka bila kuacha hata shilingi. Hilo si sawa. Ukaguzi huo ni kazi, tena ndiyo kazi ngumu kuliko zote zinazofanyika katika kiti chake, na mteja anayeambiwa "bado" atoe pesa kama anayesokotwa. Tukianza kulipia neno hilo, atakayelisema hatakosa kodi, na binti anayekwenda kwenye mahojiano atapata mtu wa kumwambia kwamba nywele zake za mawimbi zioshwe, zifungwe kwa ulegevu nyuma ya shingo, na ziachwe hivyo.