Riwaya ikizama kichwani mwa mhusika, kisa husimama?

Mhusika akiwaza kurasa tatu mfululizo bila kunyanyuka kitini, wasomaji wengi hufunga kitabu. Lawama ni zilezile: kisa kimesimama, sentensi hazina nukta, mwandishi anaiga Wazungu. Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya za Euphrase Kezilahabi, ambamo kuota na kuwa macho havitengani, hadi leo husemwa kuwa ngumu mno.

Lawama hiyo ya ugumu ina msingi. Kiambishi "a-" hakibagui mume na mke. Mhusika akiwawaza mama yake na mkewe kwa pamoja, "alimwambia aondoke" inatuacha tukiuliza nani kamwambia nani. Mwandishi asiyerudisha jina kila baada ya sentensi mbili tatu humpoteza msomaji, na kosa ni la mwandishi.

Ila hili la nukta limekuzwa kupita kiasi. Chanzo chake ni sura ya mwisho ya Ulysses (1922), riwaya ya James Joyce wa Ireland: sentensi nane ndefu ajabu, Molly Bloom akiwaza kitandani usiku. Tangu hapo kila anayetaka kuonekana wa kisasa hufuta nukta. Husahau kwamba Joyce alifanya hivyo baada ya sura 17, msomaji akiwa amekwisha kumjua mume, binti na mpenzi wa Molly. Na hata hapo Molly hakuachwa aelee. Treni inapiga honi mbali. Mume amelala kichwa kikielekea miguuni pa Molly. Hedhi inamjia katikati ya mawazo, inambidi ainuke. Mwili unakatiza wazo, wazo linageuka. Mfutie nukta mhusika wa ukurasa wa kwanza, asiye na kitanda wala treni, utabaki na ukungu mtupu.

Mwandishi Mwingereza Virginia Woolf hakuzifuta nukta. Katika Mrs Dalloway (1925), Peter Walsh, mwanamume wa miaka 53, anamfuata mwanamke asiyemjua katika mitaa ya London, akipapasa kisu mfukoni, akijiona haramia wa baharini. Kila hatua ya njozi imefungwa kwenye kitu anachokiona: ua jekundu, dirisha la duka, barabara ya kuvuka. Mwanamke anatoa ufunguo, anaingia kwake, basi. Upweke wa Peter tumeujua bila kuambiwa. Hapo kisa kimesimama wapi?

Na kuiga? Alinacha wa Alfu Lela Ulela alikaa mbele ya kapu la vyombo vya kioo akajiozesha binti wa waziri; alipompiga teke bibi harusi huyo wa njozini, mguu wa kweli ukavunja mtaji wote. Ufundi ni uleule, na haukungoja riwaya za Ulaya.

Tena Kiswahili kina wepesi ambao Kiingereza hakina. Hatulazimiki kurudisha nyakati nyuma: "Alikaa barazani. Kesho atamwambia nini?" Tayari tumo kichwani, bila "aliwaza kwamba". Kwa njozi yenyewe, "-nge-" hufungua mlango na "-ka-" huendesha: angepata shamba, akalima, akauza, akajenga. Kwa kuwa "-ka-" ndiyo hiyohiyo ya kusimulia yaliyotokea, ikifika ya tatu msomaji huanza kusahau kuwa shamba halijapatikana, na kuota ndiko huko. Lakini mwandishi akiteleza akaandika "alijenga", nyumba ipo na njozi imekwisha. Msomaji akifunga kitabu hapo, ana haki.